Lori la Baba Lilivyoingia Kwenye Gemu

Nina duka la steshenari mjini Tabora. Natoa fotokopi, napiga chapa barua za kuomba kazi, na napunguza picha za watu mpaka zienee kwenye kitambulisho. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaja nikiulizwa kanisani. Kazi yangu ya pili, ambayo mama huiita ugonjwa, ni kutengeneza magari yasiyokuwepo.

Kuna gemu la kompyuta la kushindana magari, ila wenyewe wanaolicheza hukasirika ukiliita gemu. Ni watu wazima. Wanafunga usukani wa plastiki kwenye meza, wanaweka pedali tatu chini, wanaendesha kwa uso wa mtu anayepeleka mgonjwa hospitali. Wakichoka na magari yaliyomo, hutengeneza mengine na kuyapachika wenyewe, na nyongeza hizo ndizo huitwa modi. Modi nzuri ni ile ambayo gari linalia kama gari lenyewe na linakata kona kama gari lenyewe. Kwa ajili ya hayo mawili watu wa nchi mbalimbali, ambao hawajawahi kuonana, wanatukanana mwaka mzima.

Mimi nilikuwa mtazamaji tu mpaka mtu mmoja wa mbali alipotoa modi aliyoiita lori la Afrika. Nilipoliwasha lililia kama mashine ya kusagia juisi. Kwenye dashibodi kulikuwa na simba wa kuchongwa, na likipita popote vumbi jekundu lilinyanyuka, hata kwenye lami. Watu walilisifu kwa uhalisia. Sasa mimi nimekulia kwenye kiti cha abiria cha lori. Baba amebeba tumbaku na asali kutoka Sikonge tangu sijaanza shule, na kwenye dashibodi yake sijawahi kuona simba. Kuna kalenda ya kwaya, chupa ya mafuta ya breki na kitambaa cha kufutia jasho. Nilifunga kompyuta nikaenda nyumbani kwa wazazi, Itetemia.

Baba alikuwa ameketi nje anakunywa uji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Nataka kurekodi sauti ya lori."

"Limefanya nini?"

"Halijafanya kitu. Nataka liingie kwenye kompyuta, watu wa nje waliendeshe."

"Hao watu hawana malori yao?"

"Wanayo, baba. Ila hayalii kama lako."

Aliweka kikombe chini. Nadhani katika miaka yote ya kuendesha hakuna mtu aliyewahi kulisifu lile lori mbele yake. "Hapo," alisema, "wamesema kweli."

Jumamosi nikafika na vinasa sauti viwili vidogo. Nilimkuta baba kavaa koti lake la kanisani. Lori lilikuwa limeoshwa hadi matairi. Aliliendesha kuelekea upande wa Kipalapala kwa mwendo wa maandamano ya mazishi, akabadilisha gia kama anayemlaza mtoto mchanga. Mbuzi walipokatiza barabara alisimama akawangoja, bila honi, bila yale maneno ambayo huwa anawaambia mbuzi.

"Baba, mbona hupigi honi?"

"Si unarekodi?" alininong'oneza.

Nilirudi dukani na sauti ya lori lililokuwa tayari kupewa kipaimara. Haikufaa kwa lolote.

Ilibidi nidanganye. Wiki iliyofuata alikuwa anakwenda kuchukua asali vijiji vya ndani huko Sikonge, nikamwambia nafuata hewa tu. Kinasa kimoja nilikitia kwenye soksi nikakifunga chini ya boneti, mbali na feni. Cha pili nilikiacha mpaka tulipofika kwa warina asali. Wakati ndoo zinapakiwa nami nilikuwa naonja masega, nikakumbuka kazi iliyonileta, nikakitia kwenye soksi ya pili na kukifunga nyuma ya kibanda cha dereva, karibu na bomba linalovuta hewa ya injini. Vidole vyangu vilikuwa vimejaa asali. Jambo hilo sikulifikiria, na ndilo lililonitesa baadaye.

Baba wa siku ile alikuwa baba ninayemjua. Kwenye kilima alilisukuma lori kwa mguu na kwa maneno. Waendesha baiskeli wenye magunia ya mkaa aliwapigia honi kutoka mbali sana, akawasalimia alipowafikia, na kuwalaumu alipokwisha kuwapita. Nilirudi mjini nimejaa vumbi hadi kwenye meno, na furaha tele.

Ikabaki namna ya kuliendesha. Ndani ya gemu, tabia ya gari ni orodha ya namba: uzito, ugumu wa springi, nguvu ya breki. Nikamwita baba dukani aje kulijaribu. Alikaa kwenye stuli ya wateja mbele ya usukani wa plastiki, akatafuta mahali pa kuchomeka ufunguo, akainama kuangalia uvunguni. Alipoondoka alitoa indiketa. Baada ya kona mbili akasimama.

"Hili si langu."

"Kwa nini?"

"Hili linatii." Akazungusha usukani kidogo, lori la kwenye kioo likageuka. "Umeona? Langu kwanza unaliomba, halafu unasubiri."

Nikapunguza utii. Akajaribu tena, akatikisa kichwa. "Breki nazo. Unakanyaga mara moja tu linasimama! Mara ya kwanza ni ya kuliamsha. Ya pili unaliambia. Ya tatu ndiyo linasimama."

Nikaandika. Gia ya tatu ya lori lake huruka yenyewe mteremkoni, huizuia kwa goti la kushoto. Gemu halina goti. Nikaweka kitufe ambacho mchezaji lazima akishikilie muda wote awapo kwenye gia ya tatu, la sivyo gia inachomoka. Nilipomuuliza likiwa na marobota ya tumbaku lina uzito wa tani ngapi, alijibu, "Inategemea mlima," na hakuna namna nyingine niliyomuuliza iliyobadilisha jibu hilo. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri nakala ya cheti cha kuzaliwa alimwambia, "Baba, umeacha barabara," naye akamwomba radhi kana kwamba kamrushia tope.

Mwisho wa mwezi nikaiweka modi hadharani, bila simba.

Siku mbili za kwanza watu walifurahi. Mmoja aliuliza twiga wapo upande gani. Mwingine alitaka kujua kama njia ile ndiyo ya misafara ya zamani ya pembe za ndovu, na kama naweza kumwekea wapagazi. Nikamjibu kwamba wajukuu wa wapagazi ndio sisi, na siku hizi tunatoa fotokopi.

Kisha akaja mtaalamu. Kwenye jukwaa la mtandaoni ambako wachezaji hujadili modi, kila mtu anamjua. Husemwa ana sikio la injini, na wengine hawathubutu kutoa maoni mpaka yeye awe ametoa yake. Aliandika maelezo marefu kuliko hotuba ya mahafali. Alisifu zaidi ya yote mlio wa tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa na kupiga mluzi. Kwa maneno yake, hajawahi kusikia mluzi wa tabo ulio hai namna ile, unaopanda na kushuka kama una hasira. Lakini alisikitishwa na uendeshaji. Hakuna lori duniani, aliandika, ambalo gia ya tatu inachomoka yenyewe, na breki ya kukanyaga mara tatu ni ndoto ya mtu asiyejua mashine. Alinishauri, kwa upole, nitafute siku moja nikasimame karibu na lori halisi.

Ushauri huo niliusoma nikiwa nimevaa sketi yenye doa la grisi ya lori halisi.

Nikamjibu kwamba nashukuru, ila lori hilo halina tabo. Akanirudishia mchoro wa mawimbi ya sauti wenye mishale myekundu, unaothibitisha kwamba linayo. Jukwaa zima likaegemea upande wake. Aibu yangu ni kwamba na mimi niliyumba. Nilikaa dukani asubuhi nzima nacheza ile sauti kwenye spika, najiuliza kama kuna kifaa baba alikifunga bila kutuambia.

Ndipo akaingia fundi magari mmoja wa pale mjini, ameshika kitambulisho chake kwa kitambaa asikichafue. Alitaka nakala mbili. Nilipokuwa naziweka karatasi, aliinua kidole.

"Hao nyuki wametokea wapi?"

"Nyuki gani?"

"Hao hapo. Wamekasirika hao."

Nikasikiliza. Nikaikumbuka soksi, nikavikumbuka vidole vyangu. Mluzi ulio hai, unaopanda na kushuka kama una hasira. Nilitaka kucheka, lakini fundi hakuwa anacheka. Alikuwa ameinamia spika kama daktari.

"Rudisha nyuma. Hapo anapopandisha kilima. Ongeza kidogo." Akafumba macho. "Chini ya hao nyuki, unasikia? Ka, ka, ka, ka. Hii injini inanoki, inagonga kwa ndani. Beringi za konrodi zimekwisha. Gari la nani?"

"La baba."

"Mwambie asilipeleke popote. Konrodi ikikatika itatoboa bloku, na hapo atakuwa ameegesha banda la kuku." Akachukua nakala zake akaondoka. Hana akaunti kwenye jukwaa lolote.

Baba alipita mchana kuniaga, kwani kesho yake alikuwa na mzigo wa tumbaku. Nilimweleza. Akakunja uso.

"Fundi ameliona lori?"

"Amelisikia hapa."

"Kwenye kompyuta! Basi kompyuta ndiyo inanoki. Lori langu nalisikia kila siku."

"Sikiliza mwenyewe, baba." Nikamvalisha hedifoni, nikacheza kile kipande cha kilimani.

"Hujawasha."

"Nimewasha."

"Ongeza."

Nikaongeza. "Ongeza," alisema tena. Nikaongeza tena, halafu tena, mpaka alama ya sauti ikafika mwisho wa mstari. Mimi niliyesimama hatua mbili nyuma yake nilisikia kila kitu, injini, nyuki na ile ka-ka-ka. Mteja mlangoni aligeuka kutazama. Baba akatabasamu.

"Eeh. Sasa nalisikia. Liko sawa kabisa."

"Na nyuki je, unawasikia?"

"Nyuki gani, mama?"

Nilizima. Nilijifanya napanga karatasi kwenye mashine. Nilikuwa nimeyaona mambo mengi bila kuyaunganisha: redio anavyoiweka karibu na sikio, mama anavyomwita mara tatu, yeye anavyocheka baada ya wengine kucheka. Nilidhani ni uzee wa kutojali. Kumbe kwa miaka yote ile lori lilikuwa linamla masikio kidogo kidogo, naye analipenda tu.

Nikarudia la fundi. "Nenda hata kumsalimia tu, kabla ya safari."

"Nitamsalimia nikirudi," alijibu, akavaa kofia akatoka.

Asubuhi yake nilipofungua duka niliambiwa lori la baba liko gereji. Nikaenda mbio. Alikuwa amemwambia fundi kwamba amepita kumwamkia, na kwa kuwa amepita, basi si vibaya fundi akafungua chini atazame. Beringi zilikuwa zimelika mpaka zikabaki na rangi ya shaba, nyembamba kama ganda la karanga. Fundi alizishika kiganjani. Baba alizitazama, akanitazama mimi.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa naangalia kama na nyie mnajua."

Habari hiyo aliirudia kwa kila aliyepita, na kila aliporudia alizidi kujua mapema. Mchana ulipofika alikuwa amejua tangu msimu wa tumbaku uliopita.

Suala la masikio lilihitaji wiki tatu na shinikizo la mama. Daktari alimpima, akamwonyesha mstari unaoshuka kwenye karatasi, akamuuliza kazi yake. "Dereva," alisema baba. Daktari akauliza kama huwa anaziba masikio. Baba aliona swali hilo ni la mtu asiye na akili. Dereva aliyeziba masikio atalisikiaje gari? Alipewa kifaa kidogo cha kuvaa sikioni. Jumapili ya kwanza alirudi kutoka kanisani anashangaa kwamba sauti ya tatu ya kwaya haiimbi sawa, na kwamba labda imekuwa hivyo siku nyingi. Jumatatu alikivaa kuwasha lori. Alizima baada ya dakika moja, akashuka, akasimama mbali kidogo akilitazama.

"Linapiga kelele hivi siku zote?"

"Siku zote, baba. Na sasa limepona."

"Mnaishije na kelele hizi?"

Mimi nikaona ni haki kulirekodi lori jipya, lenye beringi mpya na bila nyuki. Nikatoa toleo la pili, nikaeleza kwa uaminifu kilichotokea. Sijawahi kutukanwa namna ile. Nimeua roho ya gari, waliandika. Sauti imekuwa ya kiwandani. Mmoja alisema toleo la kwanza lilimkumbusha babu yake. Sikuelewa kama babu huyo alikuwa fundi au mrina asali. Mtaalamu alitoa uamuzi kwamba toleo la pili limepoteza tabo kwa sababu nimekosea mipangilio, na kwa heshima ya kazi yangu ya mwanzo yeye mwenyewe ataandaa mashindano ya lori hilo, toleo la kwanza, kwenye uwanja wa mbio wa Ulaya. Kwa maneno mengine walitaka ugonjwa urudishwe, nami niliurudisha. Ukiendesha steshenari unajifunza kumpa mteja anachotaka.

Baba alipopata habari akaomba kuwaona hao watu. Mashindano yaliangukia Jumamosi alasiri kwa saa zetu, nikamkalisha kwenye usukani kwa jina langu. Malori kumi na sita ya baba yalipangwa kwenye mstari, yote yana kalenda ya kwaya. Taa za kuanzia zilipozimika, kumi na tano yaliruka. Baba alitoa indiketa, akatazama kioo cha pembeni, akaondoka.

"Wanakwenda wapi kwa kasi hiyo?" aliuliza. "Wamebeba nini?"

"Hawajabeba kitu."

"Hawajabeba kitu!"

Kwenye kona ya kwanza wote walikanyaga breki mara moja. Sikuwa nimewahi kuona kitu kile hata njiani Sikonge wakati wa masika. Malori yalipandana, mengine yakalala kwa ubavu, moja likaingia kwenye viti vya watazamaji, na nyuki wa malori yote wanalia kwa pamoja kwenye spika yangu. Baba alifika taratibu, akakanyaga mara tatu, akasimama nyuma yao, akawasha taa za hatari.

"Nishuke kwa kitufe kipi?"

"Hakuna cha kushuka, baba."

"Yule amelala na lori. Ameumia."

"Hakuna mtu mle ndani."

Hakuridhika. Alibaki pale, kajipanga kando vizuri, akiwapisha waliofufuka na kuondoka tena. Baada ya dakika chache kompyuta ikamtoa mashindanoni kwa kosa la kusimama barabarani. Jioni mtaalamu aliandika ripoti. Kuhusu mshiriki wa kumi na sita alisema kwamba bado hajaelewa lori hili linavyoendeshwa, na angefaidika na mazoezi.

Nilimtafsiria baba neno kwa neno. Nilitarajia akasirike. Badala yake akauliza, "Huyo bwana ana leseni ya daraja gani?"

"Sijui."

"Muulize."

Nikamuuliza. Alijibu kwa unyoofu ulionishangaza: hana leseni yoyote. Mji wake una treni nzuri, hajawahi kuhitaji gari. Alijifunza yote kwa kusikiliza.

Nilipomwambia baba, hakucheka hata kidogo. Alirekebisha kile kifaa sikioni, akasema, "Maskini. Mwambie aje. Nitamweka upande wangu mpaka Sikonge na kurudi, aone."

Nikaandika hivyo hivyo. Mtaalamu aliuliza mwezi gani ni mzuri wa kuja. Baba akasema mvua zikikatika, na aje na viatu vya maana. Mtaalamu ameshauliza habari za viza mara mbili, na mama ameanza kuuliza mtu huyo anakula nini.